Mabepari Wengi, Shilingi Moja

Mfanyabiashara anayetajwa kwenye kichwa cha tamthilia ya Shakespeare ni mmoja. Ni Antonio, mtu wa merikebu na mizigo, anayeingia kwenye deni ili rafiki yake apate pesa za kwenda kuposa. Julius Nyerere alipoileta tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1969, yule mmoja akawa wengi: Mabepari wa Venisi. Na si wingi tu uliobadilika. Neno bepari lilikuwa limetufikia kupitia wafanyabiashara wa Kihindi, likiwa na maana ya kawaida kabisa ya mtu anayenunua na kuuza. Lakini kufikia 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa limeanza kunuka. Bepari alikuwa mnyonyaji. Kwa hivyo rais aliyekuwa anajenga Ujamaa mchana alikaa na kitabu chake, akachukua kichwa cha maneno machache tu, akabadilisha idadi na akatoa hukumu.

Kama kutafsiri ni kunakili, Mwalimu alianguka mtihani. Mashine ingemrudishia karatasi hapo hapo: ulipewa mmoja, umerudisha wengi. Lakini mimi naona kichwa kile ni kati ya tafsiri kali zaidi tulizo nazo. Nitaeleza kwa nini, na nitapitia mahali ambapo wasomaji wa jarida la fasihi huwa hawapendi kupita: kwenye msimbo wa kompyuta. Mtaani tunauita kodi, na simaanishi ile ya mwenye ploti.

Programu huandikwa kwa lugha, na lugha zenyewe ni nyingi. Kuna benki duniani ambazo hadi leo zinaendeshwa na COBOL, lugha iliyobuniwa 1959, na wazee wanaoijua wanastaafu mmoja mmoja. Kuna C, ambayo humwachia mwandishi kazi yote ya kuchunga kumbukumbu ya mashine, na akisahau mlango mmoja wazi wezi wanapita hapo. Halafu kuna kijana aliyejifunza Python kwa video za YouTube, akapata mteja anayetaka kitu kinachokaa kwenye simu ya Android, na sasa kazi yote inabidi ihamie Java. Zamani si nyingi, kuhamisha kulikuwa ni kukaa chini na kuandika mstari kwa mstari. Siku hizi unabandika msimbo kwenye akili unde, unaenda kuchemsha chai, unarudi unakuta umeshatafsiriwa.

Wakubwa nao wako kwenye mchezo huu. Mwaka 2020 watafiti wa Facebook walitoa TransCoder, mfumo uliojifunza kutafsiri kati ya Python, Java na C++ bila kuonyeshwa mifano iliyopangwa ubavu kwa ubavu. Mwaka 2023 IBM ilitangaza chombo cha kuitoa COBOL kuipeleka Java. Mwaka 2024 DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, lilianzisha mradi unaoitwa TRACTOR, wa kuhamisha misimbo ya C kwenda Rust. Wote wanatumia neno letu, tafsiri. Basi na sisi watu wa vitabu tuna haki ya kuwauliza maswali yetu.

Swali la kwanza: mnajuaje kwamba tafsiri ni nzuri? Hapa watu wa TransCoder walifanya jambo ambalo mimi kama mhakiki naliona wivu. Kwa miaka mingi tafsiri za mashine za lugha za binadamu zilipimwa kwa kipimo kiitwacho BLEU, cha mwaka 2002. Kinachofanya ni kuhesabu ni vifungu vingapi vya maneno vinavyofanana na vya mtafsiri binadamu. Kwenye msimbo waliona kipimo hicho kinadanganya. Programu mbili zinaweza kufanana kama mapacha na moja ikatoa jibu la ovyo, na nyingine mbili zisifanane hata kidogo lakini zikatoa jibu lile lile. Basi wakaacha kuangalia sura. Wakaziendesha zote mbili, wakazilisha namba zile zile, wakalinganisha majibu.

Sisi hatuna hiyo anasa. Huwezi kuiendesha Mabepari wa Venisi Dar es Salaam na ile ya Kiingereza London, halafu ukahesabu kama machozi yamelingana. Ndiyo maana fundi wa programu humwangalia mtu wa fasihi kwa huruma kidogo. Kwake mambo ni rahisi: majaribio yamepita, kazi imekwisha, tuma pesa.

Mimi nasema kazi haijaisha, na ushahidi uko ndani ya tamthilia yenyewe.

Wakenya wengi hatumjui Shylock kwa kumsoma, tunamjua kwa kukopa. Jina lake limekuwa jina la kazi: unapeleka logbuku au hati ya shamba kwa shailoki, unaomba Mungu mwezi uishe vizuri. Kwenye tamthilia, dhamana ni ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Mkataba umeandikwa vizuri. Shylock ameukubali, Antonio ameukubali, mahakama inausoma na inaona ni halali. Siku ya kukata ndipo Portia, aliyevaa kama mwanasheria, anauliza kuhusu kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekiwaza. Nyama imetajwa. Damu je? Mkataba ule ulikuwa umepita kila jaribio ambalo watu walikumbuka kulifanya. Uliangushwa na lile ambalo hawakulikumbuka.

Msimbo una tabia hiyo hiyo. Nitaonyesha kwa kazi ndogo iliyopitia mikononi mwangu hapa Kianjai. Ni ya chama cha akina mama wanaouza nafaka sokoni. Mpwa wa mmoja wao alikuwa ameandika programu ya Python ya kuweka hesabu zao kwenye kompyuta, kisha akaenda zake Nairobi. Walichotaka ni ile ile, lakini ikae kwenye simu ya mweka hazina. Yaani Python iwe Java.

Chama kina sheria: mwanachama akishindwa kulipa mkopo, deni linagawanywa kwa wadhamini wake wawili. Ndani ya programu, akiba ni namba chanya na deni ni namba hasi. Hakuna senti, shilingi nzima tu. Sasa chukua akiba ya 1,001 uigawanye kwa watu wawili. Python inasema 500. Java inasema 500. Zimekubaliana. Jaribu 2,001, jaribu 15,007, zitaendelea kukubaliana mpaka uchoke.

Halafu weka deni. Hasi 1,001, wadhamini wawili. Python inasema kila mmoja hasi 501. Java inasema kila mmoja hasi 500.

Hakuna iliyokosea hesabu. Zinatofautiana desturi. Python ikipata mgawanyo usio kamili hushuka kwenda namba ya chini, na chini ya hasi 500 na nusu ni hasi 501. Java hukata kinachozidi na kusogea upande wa sifuri. Kwa namba chanya desturi hizo mbili zinafika mahali pamoja, kwa hivyo ukijaribu kwa akiba peke yake, hata mara elfu, hutaona kitu. Damu iko upande wa madeni.

Kwa Python wadhamini wanalipa 1,002 na chama kinapata shilingi ambayo haikuwepo. Kwa Java wanalipa 1,000 na chama kinapoteza shilingi iliyokuwepo. Utasema shilingi ni nini, bana, hata peremende hainunui. Wewe hujawahi kukaa kwenye kikao cha chama. Pale watu hawagombanii shilingi. Wanagombana kwa sababu daftari halilingani, na daftari lisipolingana kwa shilingi leo, kila mtu anaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho lingine.

Sasa kuhusu mashine, niwe mkweli. Niliipa akili unde msimbo wa yule mpwa, na tofauti hiyo iliijua. Haikuweka alama ya kawaida ya kugawanya ya Java. Iliweka Math.floorDiv, amri inayogawanya kwa desturi ya Python, na ikaongeza maelezo mafupi kwamba inalinda tabia ya programu ya asili. Kwa kipimo cha majaribio, tafsiri safi. Hata mimi nilivutiwa.

Kazi hii haikuwa hivi kila wakati. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2024, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama Waliopotea Tafsirini. Watafiti walichukua vipande 1,700 vya msimbo katika C, C++, Go, Java na Python, wakayapa mashine kadhaa za wakati huo kutafsiri. Mashine iliyofanya vibaya zaidi ilipata asilimia 2.1 sawasawa. Iliyofanya vizuri zaidi ilipata asilimia 47.3, chini ya nusu. Mashine zimenoga tangu hapo, sibishi. Zinajua kwamba JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri, kwa hivyo Januari ni 0 na Desemba ni 11. Ni kama mgeni anayeambiwa na mama wa sokoni waonane saa tatu. Akija na saa yake ya Kizungu bila kuongeza sita, atakuja usiku wa manane au alasiri, na soko la asubuhi limeshampita. Mambo ya aina hii mashine inayajua kwa sababu watu wameyaandika mahali pengi, wengi wao wakiwa wanalalamika.

Isichoweza kujua ni kile ambacho hakikuandikwa popote. Na hapa ndipo tafsiri ile safi ilianza kunisumbua. Mashine ilisema inalinda tabia ya asili. Tabia hiyo ilitoka wapi? Mpwa hakukaa akaamua kwamba chama kinastahili shilingi ya bure kutoka kwa wadhamini. Aliandika mikwaju miwili, alama ya Python ya kugawanya bila kubakisha senti, kwa sababu hakutaka senti. Ile shilingi ilikuwa ajali. Tafsiri aminifu ilichukua ajali, ikaivalisha suti, ikaipa jina la tabia. Na tafsiri mbovu, ile ya kubandika mkwaju mmoja wa Java, ingeleta ajali nyingine iliyoelekea upande wa pili. Majaribio yangesema ya kwanza ni sahihi na ya pili ni kosa, na kwa yule mama mwenye daftari zote mbili hazina maana.

Najua mafundi watasema nini, na wana hoja. Watasema kazi ya mtafsiri wa msimbo si kubadilisha tabia. Hamisha kwanza, rekebisha baadaye, maana ukifanya yote mawili kwa pamoja na kitu kikaharibika, hutajua kilichoharibu ni kipi. Ni ushauri mzuri, na niliufuata. Ila kuna neno moja ndani yake ambalo watu hulipita haraka: baadaye. Baadaye hiyo haiji yenyewe. Programu ikishafanya kazi, mteja ameshalipa na kijana ameshahamia kazi nyingine. Nyerere mwenyewe alikuwa na baadaye yake. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, na badala ya kuiacha hapo akairudia. Mwaka 1969 ikatoka upya, imesahihishwa, hata jina limekubali kukaa kwa Kiswahili: Juliasi Kaizari. Mtu anayeongoza nchi alipata muda wa kurudi. Alirudi kwa sababu jina lililo kwenye jalada lilikuwa lake.

Hapo ndipo naona tofauti inayohusu. Mwaka 2016 jarida la Jalada lilichukua hadithi ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Kikuyu na kuisambaza katika lugha nyingi za Afrika. Unaweza kuipenda tafsiri fulani au kuichukia, lakini iko na mwenyewe. Unaweza kumuuliza kwa nini neno hili na si lile. Tafsiri ya mashine haina wa kuulizwa. Ukiiuliza kwa nini imechagua hivi, itakupa sababu nzuri. Ukiibishia, itakuomba msamaha na kukupa sababu nzuri ya kufanya kinyume. Nyerere hangekubali kurudisha bepari mmoja kwa sababu tu umenuna.

Hili linatugusa mfukoni sisi tunaoishi kwa vikazi vya mtandaoni. Mteja sasa hivi anakuambia waziwazi: si AI inafanya hiyo kitu kwa dakika mbili, kwa nini nikulipe siku tatu? Na kama ulichokuwa unauza ni kuandika Java, ukweli ni kwamba huna jibu. Kuandika kumeshuka bei na hakutapanda tena. Ukipanda matatu Kianjai kuelekea Meru mjini unapita Nchiru. Pale kuna Meru University of Science and Technology, ambako kompyuta inafundishwa, na pale pale ni makao ya Njuri Ncheke, wazee wa Wameru wanaoketi kusuluhisha mizozo ya ardhi na ya familia. Mimi niliacha chuo, kingine, kabla ya kumaliza, na sisemi haya ili kujitetea. Karatasi ile ina kazi yake. Lakini nikipita Nchiru huwa nawaza kwamba ujuzi unaobaki na bei kwenye kazi yangu unafanana zaidi na ule wa wazee. Unaita pande zote. Unauliza nani alikubali nini, lini, mbele ya nani. Unasikia hata kile ambacho hakikusemwa. Mashine inasoma kila kilichoandikwa kuliko mimi. Haiwezi kwenda sokoni kuuliza.

Basi nilienda. Nilimkuta mweka hazina kwenye magunia yake, nikamweleza habari ya 1,001 na wadhamini wawili. Nilimpa chaguo mbili, la Python na la Java, bila kuzitaja kwa majina. Alinisikiliza huku akipima maharagwe ya mteja, akaniambia, "Kijana wangu, hiyo shilingi si ya chama, na chama hakiwezi kuipoteza. Ailipe mdhamini wa kwanza kuandikwa. Si ndiye alimleta huyo mtu?"

Mmoja alipe 501, mwingine 500. Jumla 1,001. Daftari limelingana.

Ukiangalia vizuri, jibu hilo halikuwa kwenye Python na halikuwa kwenye Java. Halikuwa kwenye msimbo wa mpwa, kwa hivyo hakuna tafsiri yake, iwe aminifu kiasi gani, ingeweza kulitoa. Lilikuwa kwenye desturi ya watu waliokaa pamoja miaka mingi na kujua kwamba anayemleta mtu ndiye anabeba uzito zaidi. Kwa majaribio ya kulinganisha, programu niliyowakabidhi hailingani na ya asili. Namba zimetofautiana, kama vile mmoja alivyotofautiana na wengi kwenye jalada la 1969. Mwalimu alijua Kiingereza vya kutosha kujua kwamba mfanyabiashara ni mmoja. Alitazama watu aliokuwa anawatafsiria, akaamua, akaweka jina lake.

Kwa hivyo sina ugomvi na akili unde. Nitaitumia kesho asubuhi. Ninachokataa ni lile neno aminifu kutumika kana kwamba limemaliza mjadala, wakati mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyeulizwa. Mhakiki wa tafsiri za vitabu huuliza mtafsiri alikuwa anamtumikia nani. Swali hilo sasa tulipeleke kwenye programu zinazogawa mikopo yetu, zinazopanga marejesho yetu, zinazohamishwa usiku kutoka lugha moja hadi nyingine na watu tusiowajua: ni nani aliamua ile shilingi iende wapi, na jina lake liko wapi?

Kwenye programu ya akina mama wa Kianjai liko. Katika Python, mikwaju miwili inagawanya. Katika Java, mikwaju hiyo hiyo miwili inaiambia mashine iache kusoma mstari huo, kwa sababu kinachofuata ni maneno ya binadamu. Juu ya hesabu ile niliiweka, kisha nikaandika kwa Kiswahili kwamba shilingi inayobaki inalipwa na mdhamini wa kwanza, kwa neno la mweka hazina, na chini yake nikatia jina langu.